Taa za Rangi za Sikukuu: Jinsi ya Kupamba Nyumba Yako Dodoma

Ikifika katikati ya Desemba, taa za rangi zimeshatandazwa kwenye meza za wamachinga Dodoma mjini, na ni wachache wanaopita bila kuuliza bei. Kununua si kazi. Kazi inaanza ukifika nyumbani na kamba zako tatu nne, ukatazama dirisha, geti, ukuta na mwarobaini wa uani, na kila kimoja kikawa kama kinadai fungu lake. Hapo wengi huzigawa: kidogo dirishani, kidogo getini, kipande kilichobaki kinatupiwa juu ya bogenvilia. Usiku nyumba inakuwa na madoa ya mwanga huku na huku, na jicho halijui litue wapi.

Ushauri wangu mkuu ni huu, na karibu yote yaliyo hapa chini yanaufuata: chagua sehemu moja ya nyumba, uipambe ikamilike, kwingine kubaki giza. Giza ndilo linaloifanya rangi ionekane. Mwaka 1882 kule New York, Edward Johnson, mtu wa karibu wa Thomas Edison, alipamba mti wa Krismasi kwa balbu za umeme, na huo ndio unaohesabiwa kuwa wa kwanza wa aina yake. Balbu zilikuwa 80 tu, nyekundu, nyeupe na bluu, zote kwenye mti mmoja nyumbani kwake. Kamba moja ya leo ya taa 100 inampita kwa idadi. Kwa hiyo kama umepamba na hakuna kinachopendeza, usikimbilie kuongeza kamba nyingine. Tazama kwanza ulizonazo umeziweka wapi.

Hatua ya kwanza: chagua mahali, kisha pima

Desemba hapa Dodoma jua linazama saa moja kasoro dakika kumi hivi, kwa hiyo saa moja na nusu giza limeshatulia. Toka nje muda huo, zima taa ya nje, simama pale mgeni wako anaposimama akifika: getini, au barabarani kama huna uzio. Tazama nyumba kama vile si yako. Utaona kuna mstari mmoja au kitu kimoja kinachojitokeza kuliko vingine. Hicho ndicho cha kupamba.

Kwa nyumba nyingi za huku, iwe ya zamani Area C au mpya Kisasa, Ilazo au Nzuguni, mimi ningechagua kibaraza. Kina paa, kwa hiyo mvua haizipigi taa moja kwa moja. Kiko karibu na soketi ya sebuleni. Na ndipo watu wanapokaa jioni ya sikukuu, watoto wakicheza na wakubwa wakipiga soga, kwa hiyo taa zinawafaa waliomo ndani kabla ya kumfaa mpita njia. Unazungusha nguzo, au unafuata ukingo wa chini ya paa kwa mstari mmoja ulionyooka. Mstari ulionyooka, hata wa kamba moja, unapendeza kuliko kamba tatu zilizolegea.

Mti nao unapendeza sana, hasa mwarobaini wenye shina safi. Ila unakula taa. Chukua shina lenye mzunguko wa sentimita 80. Ukilizungusha kamba kuanzia chini hadi urefu wa mita 2, ukiacha sentimita 10 kati ya mzunguko na mzunguko, utazungusha mara 20, ambayo ni mita 16 za taa. Kamba nyingi za dukani zina urefu wa mita 10, kwa hiyo mti huo unataka kamba mbili, na hapo hujagusa tawi hata moja. Usipande kwenye matawi. Shina na mwanzo wa matawi makubwa vinatosha, na majani ya juu yatapokea mwanga yenyewe.

Wenye kichanja cha mizabibu uani wana bahati ambayo watu wa mikoa mingine hawana: kukaa chini ya majani yale na taa juu yake kunapendeza mno. Sharti ni moja, taa zifuate nguzo na mbao za kichanja, zisifungwe kwenye matawi machanga ya mzabibu. Tawi linakua na kuvuta waya, na siku ya kupogoa mkasi haubagui.

Pima kwa futi ya fundi. Pima pia umbali wa kutoka soketi hadi taa ya kwanza itakapoanzia, maana kwenye kamba nyingi kipande kati ya plagi na taa ya kwanza ni kifupi, na hicho ndicho kinachokwamisha watu siku ya mkesha maduka yakiwa yamefungwa.

Hatua ya pili: dukani

Mwombe muuzaji aziwashe. Wengi wana soketi pale pale mezani. Ziache ziwake dakika tano wakati mnaongea bei, kisha gusa plagi na kile kiboksi cha kubadilishia mtindo. Uvuguvugu si neno, lakini vikiwa vya moto au vikitoa harufu ya plastiki, rudisha. Pitisha waya wote kati ya vidole ukitafuta palipochubuka. Ukivuta taa moja taratibu nayo ikacheza kwenye kikalio chake, kamba hiyo haitafika mwaka mpya.

Soma kibandiko. Umeme wetu ni volti 230. Taa zilizotengenezwa kwa soko la Marekani ni za volti 120, za Japani ni 100, na kamba kama hizo huletwa na ndugu kama zawadi au huuzwa kwenye mitumba zikiwa nzima kabisa. Ukizichomeka moja kwa moja kwenye soketi ya hapa zinaungua, na kuungua kwake kunaweza kuwasha pazia. Kama kibandiko kimefutika na muuzaji hajui, iache.

Nunua za LED. Ukikuta zile za zamani zenye balbu ndogo za uzi ndani, zinatoa joto na zinakula umeme mara nne tano zaidi. Kwa nje tafuta alama ya IP44 au IP65. IP44 inahimili maji ya kurushwa, IP65 inahimili hata vumbi laini na maji ya mpira. IP20, au isiyo na alama yoyote, ni ya ndani tu, hata muuzaji akiapa.

Kuna aina nyingine inayokuja na adapta kama ya chaja, inayoshusha umeme hadi chini ya volti 36. Bei yake iko juu kidogo, lakini kama una watoto wadogo, au unataka kupamba grili za dirisha na geti la chuma, nunua hiyo. Waya wa volti 230 juu ya chuma kinachoshikwa na kila mtu ni jambo nisilotaka kuliona kwenye nyumba yoyote.

Ukiwa hapo hapo, chukua tepu nyeusi ya umeme, pakiti ya vifungio vya plastiki vya waya, na ekstensheni ya maana yenye waya mnene.

Hatua ya tatu: umeme, kabla ya kupanda ngazi

Hapa usiwe na haraka.

Kamba nyingi zinakuja na plagi ya miguu miwili, na soketi zetu ni za matundu matatu. Kila mtu anajua kinachofanyika: kijiti au mfuniko wa kalamu unasukumwa kwenye tundu la juu, vile vifuniko vya ndani vinafunguka, plagi ya miguu miwili inaingizwa kwa nguvu. Inawaka, ndiyo. Lakini imeshika nusu nusu, inacheza, na pale inapocheza cheche zinaruka na soketi inaanza kuwa nyeusi. Taa za sikukuu zinawaka saa nyingi mfululizo usiku watu wakiwa wamelala au wako ibadani. Nunua adapta ya miguu mitatu yenye fyuzi yake. Kwa taa hizi fyuzi ya ampia 3 inatosha kabisa.

Kamba zinazounganishwa mkia kwa kichwa zina kikomo, kimeandikwa kwenye boksi. Kama hakijaandikwa, usiunganishe zaidi ya mbili. Na mkia wa kamba ya mwisho una kifuniko kidogo cha plastiki ambacho watu hukitupa wakidhani ni cha kufungia tu. Kile kifuniko kinaziba umeme ulio hai, sawa na ule wa kwenye soketi. Mtoto akishika pale kidole kinaingia. Kifuniko kikipotea, zungushia tepu nyeusi hadi pasionekane chuma, na mkia wenyewe ufungwe juu mtoto asikofika.

Ekstensheni isianze kwenye ekstensheni nyingine. Isipite chini ya zulia wala mlangoni ambapo mlango unaibana kila unapofungwa. Na ikiwa imezungushwa kwenye gurudumu lake, ifungue yote, kwa sababu waya uliojikunja unajipasha moto.

Fungua boksi la meni swichi uone kama kuna kile kifaa chenye kitufe kidogo cha kujaribia, kinachokata umeme ukivuja. Kikiwepo, bonyeza kitufe: umeme ukikatika kinafanya kazi, urudishe uendelee. Usipokatika, au kama hakipo kabisa, mwite fundi umeme kabla hujatoa taa yoyote nje. Nyumba isiyokuwa nacho ipambwe ndani tu, au kwa taa za sola.

Rangi

Rangi zote kwa pamoja zinapendeza kwenye mti, na karibu hazipendezi kwingine. Kwenye kibaraza chagua mbili, au moja na nyeupe ya manjano. Ukuta wa krimu, ambao ndio ulioenea mjini kwetu, unapokea vizuri nyekundu, kijani na manjano. Bluu juu ya krimu inageuka rangi ya baridi isiyo na furaha. Iweke kwenye majani, au kwenye ukuta mweupe, ndiko inakong'aa.

Kuna sababu nyingine ya kuipunguza bluu na ile nyeupe kali. Mvua za kwanza Dodoma zinakuja mwishoni mwa Novemba au Desemba, na nyuma yake wanakuja kumbikumbi. Wadudu wa usiku wanavutwa zaidi na mwanga wenye bluu nyingi, na nyeupe kali ina bluu nyingi ndani yake. Umewaandalia wageni pilau kibarazani, mara mabawa yanadondokea kwenye sahani. Manjano na nyekundu haziwavuti sana. Hawataisha, ila utaona tofauti.

Kuhusu kumetameta: kile kiboksi kina mitindo minane hivi, na watoto watataka ule wa kasi. Wape usiku mmoja. Baada ya hapo weka ule wa kuwaka taratibu na kufifia, au kuwaka bila kuzima. Mwanga wa kupiga haraka haraka unachosha macho na unaingia chumbani kwa jirani. Tena kwa baadhi ya wenye kifafa, mwanga wa namna hiyo unaweza kuamsha degedege. Kama unamjua mmoja nyumbani au jirani, mtindo huo usiuguse kabisa.

Hatua ya nne: kufunga

Zitandaze sakafuni, uziwashe saa nzima. Kama kipande kizima hakiwaki wakati vingine vinawaka, mara nyingi ni taa moja imetoka kwenye kikalio chake na kuzima kundi lake lote. Chomoa plagi, pita ukizibana moja moja. Zikiwa sawa, chomoa tena. Kufunga kunafanyika zikiwa hazina umeme, mwanzo hadi mwisho.

1. Futa vumbi mahali pa kufungia kwa kitambaa kibichi, uache pakauke. Vumbi letu ndilo linalomaliza gundi, na taa za utepe zenye gundi nyuma zitadondoka siku ya pili ukiruka hatua hii.
2. Anzia kwenye soketi, uelekee kwenye pambo. Ukianzia upande wa pili utajikuta plagi imeishia hewani.
3. Funga kila baada ya sentimita 30 hadi 50. Upepo unaotangulia mvua hapa unang'oa chochote kilicholegea. Kifungio kibane bila kuukata waya. Kama unaweza kuusogeza kwa kidole, kimebana vya kutosha.
4. Usipigilie msumari kupitia waya wala kuukunja msumari juu yake. Tumia klipu za waya, au piga misumari midogo pembeni na kufunga kwa kamba ya katani.
5. Mahali pa kuungia pakae juu, pasiguse ardhi. Kata chupa ya maji ya lita moja na nusu sehemu ya chini, iwe kama mwavuli juu ya maungio, wazi upande wa chini. Usifunge kwa mfuko wa nailoni. Unyevu unaingia na hautoki.
6. Kabla waya haujaingia kwenye soketi au dirishani, uache ushuke kidogo chini ya usawa wa tundu kisha upande. Maji yanayofuata waya yatadondokea pale chini badala ya kuingia ndani.

Mabati ningependa uyaepuke. Ukingo wa bati ni kisu, na waya unaosuguliwa nao upepo ukivuma unachubuka. Siku unapochubuka paa zima linaweza kubeba umeme, na mvua ikinyesha hakuna anayejua hadi mtu aguse gata au bomba. Fuata fisha bodi, ile mbao ya ukingoni, chini ya bati, na uache nafasi ya vidole viwili kati ya waya na bati.

Ngazi ishikwe na mtu mzima. Mtoto anayeshika ngazi huku anatazama taa hajaishika.

Kwa geti na uzio ulio mbali na soketi, tumia taa za sola. Jua la Dodoma linazilipa vizuri, lakini kipaneli kinataka mambo matatu. Kifutwe vumbi kila baada ya siku mbili tatu. Kisikae chini ya mti. Na kwa kuwa Desemba jua la adhuhuri linapita kusini yetu, kiinamishe kidogo kuelekea kusini. Vile vile usikiweke karibu na taa ya nje ya kawaida, maana kipaneli hicho ndicho kinachotambua giza, na kikimulikwa taa hazitawaka.

LUKU na wapangaji wenzako

Waliopanga chumba kimoja au viwili kwenye nyumba yenye mita moja wanaogopa jambo hili kuliko mengine, na ugomvi wa uniti unaweza kuharibu sikukuu ya nyumba nzima. Piga hesabu mbele yao. Kamba moja ya LED inakula wati 8 hivi. Kamba tatu ni wati 24. Zikiwaka saa 5 kila usiku kwa siku 20, ni uniti 2.4. Za balbu za zamani, kwa wati 40 kila kamba, zingekula uniti 12 kwa muda ule ule. Uniti mbili na nusu ni kitu ambacho mpangaji mmoja anaweza kujitolea kununua, na akisema hivyo mapema, "hizi za taa nitaziweka mimi," maneno yanaisha. Bora zaidi pambeni kibaraza cha wote, kila mtu alete kamba yake, mkubaliane saa ya kuzima. Aliye kwenye kundi la matumizi madogo, lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, aangalie tu asije akavuka kwa sababu ya hizi taa pamoja na friji ya soda za sikukuu.

Zikishawaka

Washa giza likiingia, zima saa tano usiku. Usiku wa kuukaribisha mwaka mpya zikae hadi saa sita ipite. Umeme ukikatika, chomoa plagi, subiri dakika chache baada ya kurudi ndipo uchomeke; umeme unaporudi wakati mwingine unarudi kwa kishindo, na viboksi vya mitindo ndivyo vinavyoungua kwanza. Radi zikianza, chomoa.

Na kwa wanaosafiri: Desemba nusu ya majirani wako njiani kwenda Moshi, Bukoba, Mbeya au Singida. Usiache taa zikiwaka nyumba ikiwa haina mtu, wala usimwachie mlinzi kazi ya kuziwasha kama hujamwonyesha meni swichi ilipo.

Kuzishusha

Shusha mapema Januari, siku kavu. Jua la mchana linakausha plastiki hadi ipasuke, na kamba iliyoachwa nje hadi Machi mwaka unaofuata haitafaa. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu. Kata kipande cha boksi la karatasi ngumu, toboa upande mmoja, chomeka plagi pale, kisha zungusha kamba yote juu yake bila kuivuta. Hivyo haitajifunga mafundo. Andika juu yake kwa kalamu: urefu, rangi, ilikokaa, na kama kuna taa iliyokufa. Weka kwenye ndoo yenye mfuniko, kwa sababu panya wanatafuna waya, na iwe chumbani, si stoo ya bati ambako joto la mchana linalainisha plastiki hadi zinashikana.

Ndoo hiyo ikae mahali unapoweza kuifikia. Taa hizo hizo zinafaa Idd, kipaimara, na sendofu ya binti, na Idd haikai mwezi mmoja kila mwaka, kwa hiyo huenda ukaihitaji mapema kuliko unavyodhani.